Siku Mutwalibu Alipomsemea Patroba

Mutwalibu alikuwa mtu wa kuongea na ardhi. Ukimsalimia, alitazama kwanza viatu vyako, kisha vyake, ndipo akujibu kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alizaliwa Busia, upande wa Uganda, katika nyumba ya wachukuzi. Baba yake alikuwa utingo wa malori mpaka kifua kilipomshinda. Shule aliiacha darasa la sita, akapelekwa Tororo kwa shangazi yake ajifunze biashara ya nguo. Biashara ile ilitaka mtu wa kupiga kelele, naye kelele hakuwa nazo. Akaangukia kazi inayomtaka mtu anyamaze: akawa kedi kwenye uwanja wa gofu.

Kedi ni yule anayebeba mfuko wa fimbo na kutembea nyuma ya mchezaji. Anafuta matope, anatafuta mpira uliopotea majanini, na mchezaji akimuuliza umbali anautaja. Asipoulizwa, ananyamaza. Mutwalibu aliifanya kazi hiyo tangu ndevu hazijamwota mpaka zikaanza kuingia mvi, na kwa muda huo wote hakukosana na mtu. Siku zisizokuwa na mchezo alikaa barazani kwake akishona kamba za mifuko na soli za viatu, huku mkewe Hajara akikaanga chapati za kuuza.

Kisha akaja Patroba.

Patroba alikuwa Mkenya wa ng'ambo ya pili ya Busia, mchezaji wa kulipwa, yaani mtu aliyeacha kazi nyingine zote akala kwa gofu. Alipiga mpira mbali mpaka watu wakasahau kufunga midomo. Mdomo wake mwenyewe nao haukufungwa mara nyingi. Misimu miwili Mutwalibu alimbebea mfuko, na walifaana, kwa sababu mmoja alisema maneno ya watu wawili na mwingine hakusema la kwake.

Kilichowakosanisha ni mashindano ya Pasaka, mwaka ambao Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Mutwalibu alikuwa amefunga, kama alivyofunga kila mwaka huku mfuko ukiwa begani. Wakafika shimo la mwisho, Patroba akiongoza kwa pigo moja tu. Mutwalibu akapima kwa macho, akamtolea fimbo namba saba. Pembeni walikuwa wamesimama wageni kutoka Nairobi, na mmoja wao akasema kwa sauti kwamba yeye kutoka pale angetaka fimbo ndefu zaidi ya hiyo. Patroba akacheka. Akairudisha namba saba mfukoni, akachomoa namba nane iliyo fupi, ili wageni waone mkono wake una nguvu gani. Mpira ukapaa vizuri, ukachoka njiani, ukazama kwenye mafunjo.

Patroba akaona wageni wanamtazama, akageuka nyuma.

"Si nilimwambia huyu mzee ale kitu leo?" akapaza sauti. "Tangu asubuhi yeye anaona futari tu! Amenipa fimbo ya njaa, bana!"

Watu wakaangua kicheko, makedi wenzake nao. Patroba akaona kicheko kimemfaa, akaongeza kwa kumtupia Mutwalibu taulo la kufutia mipira. Lilimpata usoni.

Kedi anayebishana na mchezaji mbele ya wageni hafiki kesho kazini. Mutwalibu akaliokota taulo, akalikunja, akaubeba mfuko mpaka mwisho. Jioni ile Patroba akachukua kedi mwingine, kijana anayeitwa Ibra. Mutwalibu naye akaondoka na jina.

Futari. Walianza makedi wenzake, tena kwa mapenzi. Akafuata Agwang, mama mwenye jiko la chai nyuma ya uwanja: "Futari, chai iko tayari, ama jua bado?" Kutoka hapo jina likapanda bodaboda, likafika sokoni, likavuka mpaka, hata wauza nyanya wa Busia wakawa wanamwita hivyo bila kujua limetoka wapi. Wachezaji wakubwa wakaacha kumchukua, maana nani anataka kuongozwa na macho yenye njaa? Akabaki kubebea wazee wa Jumamosi, wale ambao mpira ukienda popote wanamshukuru Mungu.

Yote hayo aliyameza. Lililomkwama ni la harusi ya binti yake Rukiyah. Mshereheshaji alikuwa kijana aliyekodiwa kutoka Mbale, hakumjua mtu yeyote, aliuliza tu pale mlangoni majina ya wazazi. Akashika kipaza sauti na kutangaza kwa heshima zote: "Sasa tunamwomba baba mzazi wa bibi harusi, Mzee Futari, asimame tumwone!"

Kijana hakuwa na ubaya. Mutwalibu akasimama, angefanya nini? Upande wa bwana harusi wakampigia makofi, upande wake mwenyewe wakaziba vinywa. Rukiyah, ndani ya shela lake, aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka chakula kilipokuja.

Tangu siku hiyo Mutwalibu akaacha kumkasirikia Patroba kama watu wanavyokasirikiana. Akawa anamngojea, kama paka mbele ya tundu. Alitaka kitu kimoja: Patroba aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu walewale waliocheka, nani aliyechagua fimbo ile.

*

Makedi wa Tororo wana baraza lao. Kila msimu unapokwisha, mwezi wa Desemba, wanakusanyika nyuma ya banda la mashine za kukata nyasi kuamua nani amekuwa mchezaji bora wa kulipwa mwaka huo. Wakubwa wa uwanja wana vikombe vyao, lakini wachezaji wenyewe wanalitaka zaidi neno la makedi, kwa sababu kedi ndiye anayeona ukiwa peke yako na mpira mbaya. Jina la mshindi linapakwa rangi kwenye mabati ya banda, na yeye ndiye anayepiga mpira wa kwanza wa msimu mpya.

Sheria za baraza ni chache na zinashikwa kama dini. Mchezaji hajisemei, husemewa na mtu aliyewahi kumbebea mfuko kwenye mashindano, na asiyekuwa na msemaji jina lake haliingii. Msemaji lazima aseme siku moja nzuri ya mchezaji wake na siku moja mbaya. Akisema nzuri peke yake, anaambiwa akae chini, hiyo ni sifa ya kununuliwa. Baada ya hapo mwenyekiti anamuuliza mchezaji kama ile siku mbaya ilikuwa hivyo, naye anajibu ndiyo ama hapana. Akisema hapana, amemfanya msemaji wake mwongo, na jina lake linatolewa palepale. Mwisho mifuko inasimamishwa kwenye nyasi, na kila kedi anakwenda kusimama nyuma ya mfuko anaoutaka.

Mwaka huo Patroba alikuwa ameshinda mashindano mengi kuliko mtu yeyote wa pande zile mbili. Busia nzima alikuwa ameiambia kwamba jina lake linapakwa. Mkewe Caro alishashona kitenge cha siku hiyo. Juma la mwisho, Ibra akaondoka bila kuaga.

Patroba akaja barazani kwa Mutwalibu na sukari mkononi.

"Salaam aleikum, mzee wangu!"

"Karibu," Mutwalibu akamwambia soli ya kiatu aliyokuwa akiishona.

"Mzee Mutwa, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Tumetoka."

"Sasa ona, Ibra ameniacha kwa mataa. Ameruka na lori la mjomba wake, saa hii ako Juba. Na upande huu hakuna mwingine amenibebea mfuko kwa mashindano, ni wewe tu. Bila wewe Lenox atashinda akiwa amelala kwao."

Lenox alikuwa kijana wa Tororo, mchezaji mpole, ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye mabati tangu mwaka uliopita.

"Hiyo ni kweli," Mutwalibu akasema.

"Ile mambo ya Pasaka ilikuwa maneno ya uwanja tu. Mdomo uliteleza. Na wewe si mtu wa kuweka vitu kwa roho."

Mutwalibu akavuta uzi mpaka ukalia. "Unataka nikusemee?"

"Ndio hiyo tu, mzee wangu. Unisemee."

"Nitakusemea."

Patroba akampiga bega kwa furaha. "Na siku mbaya utaje ile ya mvua, pale nilianguka na matako. Watu watacheka, itaisha."

Mutwalibu akakata uzi kwa meno.

Gari lilipoondoka, Hajara akatoka jikoni na mwiko wake. "Umemwambia nini yule?"

"Nitamsemea."

"Wewe! Yule aliyekuvalisha jina mpaka harusini kwa mwanao? Sukari imekulewesha?"

"Hiyo sukari mpe jirani."

"Mimi sikuelewi, baba Rukiyah."

"Nataka aseme mwenyewe." Akamtazama mkewe usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Nikiisema siku ile ya mafunjo, ataulizwa. Akikataa, jina lake linatoka. Na yeye analitaka lile bati kuliko anavyotaka kula."

Hajara akakaa kwenye kizingiti. Akawaza. Halafu akacheka cheko ambalo majirani hawakupaswa kulisikia.

"Basi vaa kanzu ile nzuri," akasema.

*

Siku ya baraza makedi walianza kubishana kabla ya chai kuchemka.

"Lenox anacheza kama mtu anaosha vyombo vya mama mkwe," alisema mmoja. "Polepole, hakuna kinavunjika."

"Na Patroba?"

"Patroba anavunja sahani, lakini meza inajaa."

"Meza gani? Akishinda anakula na wewe?"

"Tunaongea gofu, wewe unaongea tumbo!"

Patroba alikuwa amekuja na pikapu ya ndugu zake kutoka Busia. Caro alikaa mbele na kitenge chake kipya, simu tayari mkononi ya kupiga picha. Mzee Ofwono, mwenyekiti, ambaye alibeba mifuko tangu siku za watu waliovaa soksi ndefu, akagonga ndoo ili watu wanyamaze.

Msemaji wa Lenox alikuwa Levis, kedi mwenye maneno. Akaeleza jinsi Lenox alivyotoka nyuma Entebbe akawapita watu wakiwa wameshaanza kupongezana. "Na siku yake mbaya," akasema, "alipiga mpira ukaingia kwenye sufuria ya mama Agwang."

"Na maharage yalikuwa yameiva!" Agwang akapiga kelele kutoka jikoni. "Mpira niliupakua kwa kijiko!"

"Lenox, ilikuwa hivyo?" Ofwono akauliza.

"Ndiyo, mzee," Lenox akasema, aibu imemjaa, na watu wakazidi kucheka.

Ikaja zamu ya Mutwalibu. Akasimama na kanzu yake, akaanza kuongea na nyasi.

"Paza sauti, Futari!" Agwang akamwambia. "Ama umefunga leo?"

Wakacheka, kama kawaida yao. Mutwalibu akainua macho upande wa Patroba tu. Patroba alikuwa anacheka kuliko wote, anajipiga paja. Basi sauti ikaja, yenyewe, wala hakuitafuta.

Alimsifu Patroba, tena alimsifu kweli. Alisimulia siku moja Kisumu, upepo wa ziwa unarudisha mipira kwa wenyewe, wachezaji wakongwe wanatukana, na Patroba anapiga chini, mpira unapita kama nyoka chini ya upepo, shimo baada ya shimo. "Nimebeba watu wengi," akasema. "Mkono kama ule sijauona kwa mtu mwingine, na sitasema nimeuona." Makedi wakatikisa vichwa. Hata Levis akatikisa. Caro akapiga picha.

"Na siku mbaya," Mutwalibu akaendelea.

"Ile ya mvua!" Patroba akamsaidia.

"Mchezaji hajisemei," Ofwono akasema.

"Si ya mvua," Mutwalibu akasema. "Ni Pasaka ile ya mafunjo. Mimi nilimtolea namba saba. Aliishika mkononi. Akasikia maneno ya mgeni, akairudisha, akachomoa namba nane mwenyewe, ili mgeni aone nguvu zake. Mpira ukafia njiani. Halafu akawaambia nyinyi kwamba ni njaa yangu. Nyinyi mkacheka. Hiyo ndiyo siku yake mbaya kuliko zote nilizoziona."

Agwang akaacha kukoroga. Mzee Ofwono akavua kofia, akaivaa tena.

"Patroba. Ilikuwa hivyo? Ndiyo ama hapana."

Patroba akasimama. Akamtazama Caro, akawatazama ndugu zake wa pikapu, akalitazama bati. Mtu yeyote angeweza kusoma hesabu iliyokuwa inapita usoni pake. Kisha tabasamu likarudi.

"Ndiyo," akasema. Na bila kungoja akatandaza mikono. "Lakini si ni mchezo, jamani? Mzee alinisamehe kitambo, ndiyo maana leo ananisemea. Sivyo, Futari wangu?"

Watu wakapumua. Kicheko kikaanza huku, kikaitikiwa kule. Mmoja akapiga makofi, akasema hiyo ndiyo mwanaume, anakubali kosa lake. Wengine wakaunga. Mutwalibu akasikia neno lile alilolingoja muda wote ule likipita juu ya kichwa chake kama mpira wa mtu mwingine. Lilikuwa limetoka jepesi, kama mate. Patroba alikuwa amelitema akalipwa sifa hapohapo, na dakika chache zijazo jina lake lingepakwa rangi, na lile la Futari lingebaki palepale, sasa na muhuri wa msamaha ambao yeye hakuutoa.

"Mifuko!" Ofwono akaita.

Mifuko miwili ikasimamishwa kwenye nyasi, wa Patroba mwekundu, wa Lenox mweusi uliopauka. Desturi ni kwamba wasemaji ndio wanaotangulia. Levis akaenda akasimama nyuma ya ule mweusi. Mutwalibu akatembea kwa mwendo wake uleule wa kedi, hatua ndogo, macho chini. Akaufikia mfuko mwekundu. Akaupita.

"Mzee!" Patroba akaita. "Mzee Mutwa, umepitiliza!"

Mutwalibu akasimama karibu na Levis, akageuka. "Sijapitiliza."

"Lakini si ulikubali?"

"Uliniomba nikusemee. Nimekusemea. Kusimama nyuma ya mfuko wako hukuniomba."

"Mwenyekiti!" Patroba akapandisha sauti. "Hii ni nini? Msemaji wangu anasimama huko? Hiyo inakubaliwa?"

Mzee Ofwono akajikuna shingo muda mrefu. Jambo hilo halikuwahi kutokea, kwa sababu hakuna mchezaji aliyewahi kuja barazani na msemaji aliyemtupia taulo. "Sheria inasema msemaji asidanganye," akasema mwishowe. "Na wewe mwenyewe umesema hajadanganya. Mambo ya miguu hayajatajwa."

Makedi wakatazamana. Kedi mmoja kutoka Paya, mtu mzima, asiyekuwa na maneno mengi yeye naye, akasema kama anayejiuliza, "Kama aliyembeba hasimami naye, mimi nasimama kwa nini?" Akaenda kwenye mfuko mweusi. Wakamfuata wawili. Halafu yule aliyepiga makofi. Halafu wakawa wanakwenda kwa mafungu, wengine wakipita mbele ya Mutwalibu bila kumtazama, kwa sababu walikumbuka walivyocheka. Nyuma ya mfuko mwekundu walibaki vijana wachache wa Busia waliokuja na pikapu, ambao hata makedi hawakuwa, nao kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aondoke kwanza.

Lenox hakufurahi kama watu walivyotaka. Akampa Mutwalibu mkono, akasema asante, mzee. Mutwalibu akaupokea. Hakuwa amefanya kwa ajili ya Lenox na hakutaka kumdanganya.

Caro alikuwa ameshaingia ndani ya pikapu, simu ameiweka kwenye mkoba. Patroba akapiga mluzi, ule mluzi wake wa siku zote wa kuita mtu wa kubeba. Makedi walikuwa pale wote, mikono mitupu. Mmoja akainama kufunga kamba ya kiatu. Mwingine akaona kuna kitu cha kutazama juu ya Jiwe la Tororo, ule mwamba mkubwa wa mji. Vijana wa Busia walikuwa wamekimbilia nafasi nzuri ndani ya pikapu. Patroba akapiga mluzi tena, mdogo zaidi, kisha akainama akaubeba mfuko mwenyewe. Hakuwa na mazoea. Kamba ikamteleza, fimbo zikagongana, akasimama kuirudisha begani.

Agwang akaja na kikombe, amekishika kwa mikono miwili.

"Mzee Mutwalibu," akasema. "Chai."

Mutwalibu hakugeuka. Alikuwa ameinua uso, macho yamefunguka kabisa, na kila kamba ilipoteleza kwenye bega la Patroba, kitu kitamu kilimshuka kifuani.

"Ngoja kwanza," akamwambia. "Bado hajafika kwenye gari."